Jina la Rania Litangulie

Sogeeni wanangu. Mazin kaa hapo miguuni, Rania njoo upande wa sikio lililo zima, na mama yenu Khadidja msimwambie aache kulia, maana tangu nimuoe sijafaulu kumwambia aache jambo lolote. Mizinga imenyamaza leo na pumzi ninayo kidogo, nataka kuitumia kabla wageni hawajafika kuniuliza nimeamkaje, hali wanaona wazi kwamba sijaamka.

Nyumba hii ya Kibenga na duka la babu yenu kule Jabe sheikh atavigawa kwa sharia, msimsumbue. Ndugu yangu Hamimu, aliyeninunia tangu nilipoliacha duka nikaenda kusomea ubongo wa watoto wachanga, mwambieni nimemsamehe, na kwamba alisema kweli: ubongo hauuziki kwa kilo.

Sasa sikilizeni lililonifanya niwaite. Katika kazi yangu mtu hupimwa kwa makala alizochapisha, na kwa wenzake wanaozitaja wanapoandika za kwao. Makala yangu ya kwanza imetajwa na mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi. Ya pili aliitaja profesa mmoja wa ng'ambo ili aipinge, nikafurahi kama bwana harusi, kumbe amenisoma! Lakini ile ya tatu, ya watoto waliozaliwa katika milio ya risasi, inatajwa kila mahali, wanaandika "Azhar na mwenzake", Azhar ndiye mimi, nami nikaalikwa huku na huku kama mpiga ngoma.

Ile ni ya Rania. Yeye ndiye aliyezunguka Jabe akika kwa akika, kwa sababu siku ya kunyolewa kichwa cha mtoto kiko wazi na kila mgeni anaruhusiwa kumpakata. Akapima vichwa kwa utepe, akatikisa kayamba aone nani anageuka, akawarudia watoto wale wale hata barabara zilipofungwa. Yeye ndiye aliyeona kwamba mtoto anayebebwa mgongoni hutulia upesi mlio ukipita, na hujifunza sauti upesi. Mi nilisahihisha nukta na kunywa chai. Kisha akaliweka jina langu mbele na lake nyuma, kama tunavyowapisha wazee mlangoni. Nilimuuliza, akanijibu, "Papa, jina ya mukubwa inatangulia. Ningepitaje mbele yako?" Nami sikuona kosa, maana ndivyo nilivyolelewa, na zile mbili niliandika peke yangu, sikuwa na wa kupishana naye. Kumbe huko wanakosoma, wa kwanza ndiye aliyefanya kazi.

Ndipo Rania akaomba nafasi ya utafiti ng'ambo, wakamjibu kwamba kazi yake hawaioni, wanamwona msaidizi wa baba yake. 

Nikawaandikia wenye jarida lililoichapisha, wayageuze majina. Wewe Mazin ukakasirika, ukasema heshima ya ukoo itashuka, tena sharia hairuhusu kumuusia mrithi zaidi ya fungu lake. Umesoma vizuri, baba, ila umesoma mlango wa urithi. Hii ni amana, haimo katika urithi. Mwenye chake hapewi, anarudishiwa, kabla hamjagusa kitu changu chochote.

Jana Callixte, mwenzangu wa fakilte kule chuoni, alipita vizuizi vya askari kuniletea habari: wamekubali. Toleo lijalo litachapisha sahihisho, Rania mbele, mi nyuma, na wale wa ng'ambo wanataka aombe upya. Mzigo umeshuka, wanangu. Nimekuwa mwepesi mpaka naogopa upepo wa ziwa.

Nikizikwa, watakaosimama kunisifu wataitaja ile ya tatu. Mazin, uwakatize wewe mwenyewe, kwa adabu, watu wajue nyumba hii haina ugomvi. Waseme nilikuwa na makala mbili, zinanitosha. Rania, msiba usikuzuie. Nafasi ikija kabla ya arubaini yangu, panda ndege, dua utaniombea huko huko.

Radhi zangu mnazo, zote, hizo hazina mafungu. Mola awakinge na risasi, na... ngojeni... na husuda za wasomi, hizo hazina hata mlio.

Maji. Basi, yanatosha.

Rania, nisomee ile makala. Apana, usiruke. Anza na majina, kama yatakavyokuwa. Usinitazame mimi, soma.

Sauti, mwanangu. Sikusikia la kwanza.

Tena.