Mama Aliyekataa Kuitwa Mama

Pale Itigi, ukishuka treni ukavuka reli, kuna benchi la mbao lililokaliwa mpaka likapinda katikati. Mwisho wa benchi hilo ndipo Bi Fatu anapoweka jiko la mkaa na birika lake la kahawa. Wateja wa asubuhi ni walewale. Yupo Frank, mstaafu wa reli, wanamwita Injini kwa sababu akianza kusema hasimami. Yupo Noel muuza dawa za mifugo, naye ndiye Dokta. Asubuhi hiyo Bi Fatu alimimina kahawa mpaka ikafurika kikombe, wakajua lipo jambo.

Jambo lenyewe lilikuwa Rahma, mjukuu wake, aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Miezi miwili imepita tangu aende Ujerumani kusoma, akapokelewa nyumbani kwa mama mmoja mtu mzima anayeishi na paka wake tu. Alfajiri Rahma amepiga simu analia. Yule mama amewaambia wa chuo wamhamishe, na jana wamempeleka bwenini.

— Kwani amesemaje? aliuliza Dokta.

— Amesema mtoto ndiye hampendi yeye.

Injini akasema ni ile asali. Rahma aliondoka na dumu zima la asali ya huku, sasa mzungu kaonja, utamu ukamzidi, akajua kalishwa limbwata. Dokta akambishia: limbwata lingemfanya amng'ang'anie mtoto, siyo amfukuze. Yeye aliona kosa liko kwa paka. Paka wa kule wana vitanda na vyeti, alisema, na paka akishamkataa mgeni, mwenye nyumba hana sauti. Injini akauliza kama barua ya kumhamisha Rahma ilisainiwa na ukucha. Wakacheka.

Bi Fatu hakucheka.

— Ni mimi, alisema.

Akawaeleza taratibu, macho kwenye jiko. Siku ya kwanza Rahma alimwita yule mama "mama", kama mtu yeyote aliyelelewa. Yule akamwambia, kwa upole tu, mimi si mama yako, niite jina langu. Kumwita Mama Fulani haikuwezekana, hakuzaa. Rahma akapiga simu kuuliza afanyeje.

— Nikamwambia jina la mtu mzima halitoki kinywani mwa mtoto niliyemlea mimi. Nikamwambia nyamaza tu, atakuzoea.

Rahma akatii. Akitaka kusema na yule mama, anamfuata alipo, anasimama mbele yake mpaka aonwe. Siku moja sufuria iliungua jikoni, na mtoto akapanda ngazi zote kwenda kumgusa bega, badala ya kumwita kutoka chini. Miezi miwili, ndani ya nyumba ya watu wawili, hajamwita chochote.

 Injini akaweka kikombe chini.

— Bibi, hata mimi ningemwambia hivyohivyo, alisema Dokta.

— Wewe hukumwambia. Nilimwambia mimi.

Dokta akatoa simu yake. Alitaka arekodi sauti ya bibi, Rahma ampelekee yule mama na kumtafsiria, pengine moyo wake utalainika. Injini akashauri waanze na salamu ndefu, mtu asiombwe msamaha ghafla kama anadaiwa. Bi Fatu akajifunga vizuri kilemba, akaishika simu kwa mikono miwili, akafungua kinywa. Akakifunga.

Kulikuwa na dada mmoja, Eliana, aliyeshuka na treni, akawaamkia wote, akakaa na begi lake kusubiri basi la Singida. Kahawa yake alikuwa ameshaimaliza.

— Samahani bibi, alisema. Huyo mama anaitwa nani?

Bi Fatu alimtazama. Alijua goti la kushoto la yule mama linamsumbua. Alijua anapenda mkate mweusi, na kwamba hulala dirisha wazi hata baridi ikiuma. Rahma alimsimulia hayo yote. Jina, Bi Fatu hakuwahi kuliuliza.

Akamrudishia Dokta simu yake, akachukua ya kwake, akapiga. Rahma akapokea upesi.

— Shikamoo bibi.

— Marahaba, mjukuu wangu. Yule mama anaitwa nani?

 Birika likachemka, hakuna aliyeliepua.

— Bibi, alisema Rahma polepole, unaniruhusu nilitaje?