Mama Tshiela, Aliyekataa Kuyaacha Makaburi Mawili

Ndugu wapendwa, huyu tunayemlaza udongoni leo ni Hélène Tshiela, binti wa mzee Kasanda, aliyezaliwa mwaka 1910 karibu na Luluabourg, Kasai. Kwa masista alisoma miaka miwili, akajifunza kushona na kubishana; kwa hilo la pili aliwashinda walimu.

Mwaka 1928 alifunga ndoa na Florentin Mukendi, na mwaka 1930 wakaja Kindu, Mukendi akiwa fundi wa reli. Majirani walimkaribisha Mama kwa wali. Alimaliza sahani nzima, akashukuru, kisha akauliza: «Na chakula kinakuya saa ngapi?» Kwa Mkasai, bila bukari, yaani ugali, hujala.

Walipewa kipande cha mbuga ukingoni mwa mto Lualaba, majani yakimpita kimo. Aliyafyeka kwa mikono yake, akapanda mpunga kama wenyeji. Mwaka 1932 homa ikamchukua mwanawe Kabeya; mwaka 1935 ikamchukua na mwanawe mwingine, Anne. Mara zote mbili mumewe alikuwa mbali, kazini kwenye njia ya reli. Akawazika shambani, karibu na mlango wa nyumba, kama kwao wanavyozikwa watoto wachanga, mama asiwe mbali. Hakujua kwamba huku shamba lenye kaburi halilimwi. Wanawake wa kijiji walikuja kumwambia: «Mama, muchele ya pa kaburi sisi hatukulaka.» Tangu hapo hakuna aliyeonja chakula chake wala kumsaidia kuvuna.

Mukendi alimsihi warudi Kasai. Akajibu: «Na batoto nitabaachia nani?» Mwaka 1941 Mukendi alikwenda peke yake kuwaona wazee, akaugua, akazikwa hukohuko. Upweke ule ulimtafuna Mama. Alilima na kula na binti aliyembakia, Albertine, basi.

Januari 1957 kifua kilimlaza hospitalini. Mwezi wa nne Lualaba ulifurika, ukamega ukingo: nyumba, mpunga, na makaburi yote mawili. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Kila asubuhi alimwagiza binti yake: «Munizike katikati ya batoto yangu.» Albertine akaitikia: «Ndiyo, mama.» Alifariki tarehe 14 Mei 1957, akiwa amemwamini.

Ameacha binti huyo, mkwewe Henri Okito na wajukuu wanne. Kaburi lake tumelichimba hapa juu, mbali na maji. Kulia kwake hakuna mtu, kushoto hakuna mtu. Mama, utusamehe. Mungu akupumzishe, akuonyeshe waliko.