Nani Kamleta?

MAMA: Haloo? Ni nani? Namba hii siijui.

KITINDA: Mimi, Mama. Kitinda wako. Shikamoo.

MAMA: Marahaba! Sema kwa nguvu, simu yangu siku hizi ni spika tu. Basi limekufa njiani, mwanangu.

KITINDA: Bado? Mama, gwaride limeshapangwa!

MAMA: Fundi yuko chini ya gari. Tunaona miguu tu.

KITINDA: Basi hamfiki.

MAMA: Usinipandishe presha! Si watakuvisha tu hizo tepe za ukoplo?

KITINDA: Hawavishi hivihivi. Sajenti anauliza mbele ya kikosi, "Nani kamleta huyu?" Mtu wa kwenu anajibu, "Mimi." Ndipo unavishwa.

MAMA: Na asiye na mtu?

KITINDA: Anajibiwa na mpishi wa kambi.

MAMA: Mpishi! Nikuzae mimi, halafu mpishi—

KITINDA: Ndiyo maana nimeazima simu. Sajenti kakubali mjibu humuhumu simuni. Mama... Baba yupo?

MAMA: Yupo. Kanipa mgongo.

KITINDA: Atajibu yeye?

MAMA: Unamjua babako. Kumpandisha basi tu nimetoka jasho. Anasema hakuna aliyekuleta huko, ulitorokea dirishani.

KITINDA: Mlango angenifungulia?

MAMA: Kaka yako tulimfungulia. Yakarudi mabuti yake tu.

(Mtandao unakwaruza.)

KITINDA: Haloo? Mama?

MAMA: Nipo.

KITINDA: Naogopa, Mama. Kuanzia leo napewa vijana wa kuongoza. Wakiumia, wameumia mikononi mwangu. Nilitaka Baba... basi, mwambie.

MAMA: Mwambie mwenyewe. Mzee! Shika. Shika bwana, haing'ati!

KITINDA: Shikamoo, Baba.

BABA: (Anakohoa.)

KITINDA: Wameanza kuita majina. Nami nimeshaweka spika. Baba? Salio linaisha... Haya, si lazima. Mpishi wetu ni mtu mzuri—

BABA: MIMI!

KITINDA: Baba! Bado hajauliza!

BABA: Mimi ndiye niliyemleta!

KITINDA: Uwanja mzima umegeuka! Sajenti anacheka, Baba, kasikia—

BABA: Acheke. We Kitinda, hao vijana uliopewa...

KITINDA: Ndiyo, Baba?

BABA: Wana baba zao. Uwarudishe wote, umenisi—

(Simu inakatika.)