Ukuta wa Upande Wetu

Mvua ilikatika alfajiri, lakini mto ulikuwa bado unanguruma chini ya daraja, umebeba magogo na mlango wa choo cha mtu. Kwenye benchi nje ya kibanda cha kinyozi, wenye kijiwe walishakaa, vikombe vya kahawa mkononi, roho juu. Mchana huo baraza la mji lingeamua pa kujenga kinga ya mafuriko. Seremala, ambaye wote walimwita Randa, alijibanza pembeni. Dada yake, aliyemlea tangu mama yao afariki, alikuwa anaishi ng'ambo ya mto, bondeni.

— Ukuta, alisema Wembe, kinyozi mwenye benchi. — Toka darajani mpaka sokoni, upande wetu huu. Kazi imekwisha.

— Maji yale yatautafuna kama biskuti! Nondo, fundi wa kuchomelea, akadakia. — Weka mageti ya chuma. Mto ukipanda, unabonyeza, kwaa! yanafunga.

— Umeme ukikatika? Wembe akauliza.

— Unafunga kwa mkono.

— Mkono wa nani? Wako?

Mzee mstaafu waliyembatiza Mheshimiwa akakohoa. — Nyie akili zenu fupi. Tuuhamishe mto wenyewe. Tunachimba mtaro nyuma ya kilima, tunaupitisha huko, huku tunalima mboga.

Siku nyingine wangemzomea. Leo hakuna aliyecheka; mafuriko yaliyopita yalimkuta Wembe ameng'ang'ania paa la kibanda chake, anaita watu.

— Mbona Randa kimya? Nondo akamgeukia. — Au unawaonea huruma wa ng'ambo?

— Nimesema nini mimi?

— Ndiyo nakuuliza! Kule bondeni, wahame. Sisi tuna soko, tuna zahanati. Upo nasi au hupo?

Neno lilikuwa limemfika Randa ulimini. Akalimeza pamoja na kahawa.

— Nipo.

Hata hajashusha kikombe, akamwona dada yake anavuka daraja, tope mpaka magotini, kandambili mkononi.

— Shikamoo, mzee. Hamjambo, wadogo zangu? Nimekuja kwenye kikao, wamesema ni cha wote. Hebu nielewesheni. Huo ukuta ninaousikia, mkishaujenga huku, maji yatakwenda wapi?

Wembe akaanza kupangusa kioo kisichokuwa na vumbi.

— Yatakuja kwako, dada, Randa akasema.

Dada alimtazama, hakupandisha sauti. — Na wewe umekubali?

— Nimekubali sasa hivi, hapa, nikinywa kahawa.

Akainuka.

— Twende. Ukawaulize hivyo hivyo mbele ya baraza. Wakinyamaza, nitajibu mimi, nao wasikie.

— Randa, usituharibie! Nondo akafoka.

Randa hakugeuka. Alimshika dada yake mkono, wakaanza kupanda barabara ya ofisi ya baraza. Nyuma yao Mheshimiwa alikuwa anapapasa chini ya benchi, anatafuta fimbo yake.

— Nisubirini, akaita. — Na mimi nataka kusikia.