Mama Joséphine-Marie na Mashua ya Barafu ya Kibabi

Tarehe 2 Julai mwaka huu, Mama Joséphine-Marie Uwamwezi anafunga daftari lake la mwisho la jiografia baada ya miaka thelathini na minne ya kazi: sita kule Itebero, ndani ya msitu wa Walikale, na ishirini na minane hapa kwetu Kibabi. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, mwalimu wa hesabu, niandike wasifu wake kwa sababu, wanasema, ninamfahamu vizuri. Ukweli ni kwamba katika shule hii mimi ndiye niliyemcheka kwa muda mrefu kuliko wote. Nadhani kamati imeona adhabu hiyo inanifaa.

Kwa wageni ambao hawakusoma kwetu, inabidi nieleze jambo moja kwanza. Mashua ya barafu ni chombo cha tanga ambacho hakielei, kinateleza juu ya vyuma vilivyofungwa chini yake. Katika nchi za baridi, maji huganda yakawa magumu kama sakafu. Waholanzi wa zamani, mifereji yao ilipoganda, hawakukubali kukaa bure; walifunga vyuma chini ya mashua zao wakaendelea kubeba mizigo. Baadaye matajiri wa Amerika walizigeuza kuwa za mashindano, wakawa wanashindana na gari-moshi lililopita kandokando ya Mto Hudson, na gari-moshi likaachwa nyuma. Haya yote ni kweli. Kila aliyemaliza sekondari Kibabi anayajua, hata yule ambaye hawezi kukuonyesha mto wa jirani unaelekea wapi.

Lawama ni za mchwa. Padri mmoja alipoondoka Itebero aliiachia shule sanduku la vitabu, na mchwa wakala vyote isipokuwa kimoja, ambacho kilikuwa hakina jalada na kilianzia ukurasa wa arobaini na moja. Ukurasa huo ulihusu nchi za baridi. Mama Joséphine-Marie alikuwa ametumwa kufundisha jiografia, akafundisha jiografia iliyokuwepo. Alifundisha matanga mahali ambapo miti imesongamana hivi kwamba jani halitikisiki toka asubuhi hadi jioni. Watoto wa wawindaji walimsikiliza kwa adabu, kisha wakamuuliza kama barafu hiyo ina nyama. Akawajibu kwamba chini yake kuna samaki, na tangu siku hiyo somo likapata heshima.

Alipohamishiwa Kibabi alitembea siku sita, kitabu kikiwa kimefungwa ndani ya plastiki na nguo zake zikiwa hazijafungwa ndani ya kitu chochote. Kwetu milimani angalau upepo upo. Kila mwaka, mwezi wa pili, aliingia darasa la tano akachora ubaoni mashua yenye mguu mmoja nyuma na miwili mbele, akaeleza jinsi tanga linavyoweza kuipeleka mashua mbio kuupita upepo wenyewe. Hapo ndipo mimi, kwenye chumba cha walimu, nilipokuwa nikichekea ndani ya kikombe cha chai. Nilikuwa na hesabu zangu na niliona hazikubali. Baadaye sana nilizifanya upya nikakuta zinakubali, lakini sikumwambia mtu.

Sifa zake nyingine ni nyingi. Alianzisha bustani ya maharage ya shule, alisuluhisha ugomvi wa walimu wawili ambao sitawataja kwa sababu mmoja wao ni mimi, na katika miaka yote hiyo alichelewa mara moja tu, siku daraja lilipochukuliwa na maji. Hata siku hiyo aliomba msamaha, daraja halikuomba.

Basi mwaka juzi ukaja ule mtihani. Swali liliwataka wanafunzi wataje njia moja ya usafiri katika nchi za baridi. Wanafunzi wetu ishirini na saba, wote, waliandika mashua za barafu, na wote wakaongeza habari ya gari-moshi la Hudson. Wasahihishaji kutoka shule nyingine walikata shauri kwamba tumeiba mtihani. Inspekta akatumwa kuchunguza. Inspekta huyo, Papa Jean-Luc, ni mtu mpole, mwenye sakoshi, mkoba wa ngozi asiouachia hata akila. Alikaa nyuma ya darasa saa nzima, akasikiliza, kisha akasimama mbele ya wanafunzi akasema: "Mama, hii njo hadithi. Upepo haiwezi kusukuma muntu juu ya inchi kavu." Tuhuma ya wizi aliifuta. Lakini kwenye faili la mwenzetu aliandika maneno mawili, "Anafundisha hadithi," na akaamuru somo hilo liondolewe kwenye programu siku atakayostaafu.

Sikuwahi kumwona Mama Joséphine-Marie akilia shuleni, na hata siku hiyo hakulia. Alifuta ubao, kisha akaufuta tena wakati hapakuwa na kitu juu yake. Nilikuwa mlangoni na sikucheka. Miaka yote ile ya kazi ingefungwa kwa maneno mawili ya mtu aliyekaa saa moja, na yeye hilo hakulikubali. Aliandika barua akiomba ukaguzi mmoja wa mwisho, mwezi wa tano mwaka huu, wenye somo la vitendo. Kama chombo hakitasogea, maneno yabaki. Kama kitasogea, yafutwe.

Kazi ya kuunda mashua alipewa Papa Nestor Dusabimana wa Muheto, fundi asiye na mpinzani wa chukudu, zile baiskeli zetu za mbao za kusukumia mizigo. Papa Nestor aliutazama mchoro siku mbili. Magurudumu hayakuwepo, akasikitika, akachonga miguu mitatu ya mti mgumu badala ya vyuma. Wanafunzi wa zamani wa Itebero walituma mawese ya kuipaka miguu hiyo iteleze. Tanga lilikuwa turubai. Lakini Papa Nestor hajawahi kutengeneza chombo kisicho na mahali pa mzigo, na moyo wake haukumruhusu kuanza uzeeni. Katikati ya mashua aliweka jukwaa zuri la mbao, pana, lenye kingo.

Hapo ndipo tulipokosea sote. Siku ya ukaguzi, mashua ilisimamishwa kwenye malisho ya juu ya shule, imeelekea uzio wa upande wa pili, ambako uwanja unapanda kidogo. Pembeni yake alisimama Trésor, kijana mbeba mizigo, na chukudu yake, kwa kuwa kitabu kilitaka mashindano na gari-moshi hatuna. Ilikuwa siku ya soko la Muheto. Akina mama waliokuwa wakipita na mizigo waliona chombo kipya chenye jukwaa tupu, na katika eneo letu hili la Masisi hakuna chombo kinachoondoka kitupu wakati watu wamebeba vichwani. Mama Francine aliweka gunia lake la maharage. Mwingine akaweka mihogo, mwingine mkungu wa ndizi. Inspekta mwenyewe, akitafuta kalamu, alipumzisha sakoshi yake juu ya gunia bila hata kufikiri.

Upepo ukaja, tanga likajaa, mashua haikusogea hata kidole. Mama Joséphine-Marie, akiwa amekwisha kukaa kwenye usukani, aliomba kwa upole mizigo ishushwe. Mama Francine akashika kiuno: "Mama mwalimu, hii mashua iko inaenda Muheto ao haiende? Kama haiende, mutuambie mapema, siye tuko na safari!" Trésor alicheka hadi akaketi chini. Inspekta alikuwa ameshapata kalamu, na nilimwona akiitazama saa yake kwa huruma, jambo lililonichoma zaidi kuliko kama angecheka.

Ndipo mvua ya mawe ilipotushukia, ile ya kwetu ya mwezi wa tano, inayotoboa majani ya maharage na kuyafanya malisho kuwa meupe kwa dakika chache. Tulikimbia wote barazani: akina mama, Trésor bila chukudu yake, Papa Nestor, Inspekta na mimi mbele ya wote. Mawe yalipiga bati hata huwezi kusikia mtu aliye karibu nawe. Tulijifunika nyuso. Tulipokumbuka kuhesabu watu, tukakuta mmoja amekosekana.

Mvua ilipopungua, mashua haikuwa pale tulipoiacha. Ilikuwa imegota kwenye uzio, upande wa juu, tanga limechanika, na Mama Joséphine-Marie amekaa palepale kwenye usukani, kilemba kimelowa, akicheka peke yake. Nyuma yake mistari mitatu ilikuwa imechorwa kwenye weupe, ikianza kuyeyuka.

"Nani njo alipeleka sakoshi yangu kule?" akauliza Inspekta.

Sote tulikuwa naye barazani, na chombo chenye mizigo mitatu hakitelezi chenyewe kupanda. Alitembea kwenye ule weupe kuifuata sakoshi, na nilimwona anahesabu hatua. Zilikuwa tisini na mbili. Alipofika alinyoosha mkono, nikadhani anachukua mali yake, kumbe anamshika Mama mkono ili ashuke. "Mama," akasema, "mi nilikosea." Trésor mpaka leo anadai mashindano hayakuhesabiwa kwa sababu hakuna aliyepuliza filimbi. Mama Francine anadai maharage yake yalipelekwa upande usio wa Muheto.

Maneno mawili yamefutwa, na barua ya kuyafuta nimeiona kwa macho yangu. Mama Joséphine-Marie aliisoma, akachukua kalamu nyekundu, akazungushia mahali pa tarehe palipoachwa patupu, akamrudishia Inspekta apajaze. Barua hiyo ina pia kifungu ambacho mimi nisingekiandika: somo la mashua za barafu linabaki kwenye programu ya darasa la tano, na kwa kuwa shule haijapewa mwalimu mpya wa jiografia, kuanzia Septemba litafundishwa na mwalimu wa hesabu.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwake kumwomba anionyeshe usukani unavyoshikwa. Hakunicheka, ingawa alikuwa na haki. Alinikalisha juu ya kigoda, akaniwekea mwiko mkononi, akanisahihisha hadi jua lilipopinda.

Mama Joséphine-Marie, tunakushukuru kwa kila ubao uliouandika. Ustaafu wako uwe wa afya, na usingizi wa asubuhi ambao kengele yetu ilikunyima miaka yote. Lakini mwezi wa pili, tafadhali, uje ukae nyuma ya darasa langu. Ninaogopa.

Noël, mwalimu wa hesabu