Ruta ya Antena Nane

Kasha lilikuwa mapajani mwa Ghislaine, ingawa halikuwa lake. Ndani ya basi, aliyeketi vizuri humpakatia mzigo aliyebanwa. Mwenye kasha, Gracien, aliyesimama kando yake, alikuwa akijisifu kwamba ruta ya michezo iliyomo ndani, yenye antena nane, itamaliza kukwamakwama kwa intaneti nyumbani.

"Antene munane?" mzee aliyeketi karibu na Ghislaine alishtuka. "Ku barrière askari batasema unaongea na waasi wa ku mulima. Ficha!"

"Papa, ni ya kucheza mupira ku ecran ya TV! Sifichi kitu, mimi si mwizi," Gracien akajibu.

Rahisi kusema, Ghislaine aliwaza, kasha likiwa limepakatwa na mwingine.

Walikuwa bado wakibishana basi liliposimama kwenye kizuizi cha barabarani. Askari akachungulia dirishani, akalinyooshea kasha kidole.

"Hii iko ya nani?"

Wabishi wote wawili wakamtazama Ghislaine.