Doa Karibu na Dirisha

Basi lilipokaribia kilichokuwa kiwanda cha nguo, ambacho sasa ni nyumba za kupanga, binti aliyeketi na mzee alimwambia kuwa anaishi humo.

"Pazuri, babu, ila sebuleni kuna doa la mafuta. Nimesugua wee, halitoki ng'o! Kesho fundi anaweka vigae."

"Liko karibu na dirisha la pembeni?"

"Umejuaje?"

"Nilikuwa natia mashine mafuta." Waliozoea kelele za kiwandani huongea kwa sauti, basi abiria wote wakasikia. "Hapo alisimama mfumaji mmoja mcheshi. Mashine yake haikuhitaji mafuta mengi vile, lakini kila saa mimi huyo, na kopo langu."

Binti akaangua kicheko. "Kumbe babu ulikuwa mtundu! Ikawaje?"

"Nikamwoa. Tulimzika mwaka juzi." Mzee akatazama nje. "Nilidhani pale hapakubaki chetu chochote."

"Babu, mwanangu anatambaa hapo."

"Weka vigae, mjukuu wangu. Mtoto kwanza."

Basi likasimama. Binti akainuka, akasita mlangoni, watu wakimsukuma.

"Fundi anakuja jioni, babu. Asubuhi nipo nyumbani."